Nani Alimtuma Kirsty

Tarbrae, Southland
Jumapili, 12 Agosti 2018

Kaka Graeme,

Usishtuke kuona mwandiko wangu na wala si Krismasi. Nimekupigia simu mara nne. Ulipokea mara moja tu, na nilipotaja Baba ukasema mtandao unakatika. Mtandao wa machimboni kwenu unajua sana kuchagua neno la kukatikia. Ndiyo maana naandika. Barua huwezi kuikata katikati.

Kondoo wataanza kuzaa baada ya wiki mbili. Kijana aliyekuwa akitusaidia ametuacha akaenda kukamua ng'ombe, na mgongo wa Murray umerudia ule ugonjwa wake. Tumebaki mimi, yeye, mbwa watatu, na Ailsa wetu, aliyetimiza miaka tisa mwezi uliopita. Kwa hiyo Murray ameanza kumfundisha Ailsa kuendesha pikipiki ya matairi manne. Si utani, amemnunulia helmeti ya zambarau, anamzungusha pale bondeni penye tambarare kando ya mto, mwenyewe yuko pembeni anapiga kelele kama kocha wa raga. Mtoto anaweza, Graeme. Anakaa vizuri, anasikiliza.

Nilikuwa na hofu, unaelewa kwa nini. Murray akaniambia, "Lorna, mtoto wa shambani asiyejua pikipiki ni kama mtoto wa baharini asiyejua kuogelea. Wewe na baba yako mtamlea kama yai mpaka lini?"

Sasa tatizo ni Baba. Tangu pikipiki itolewe nje amebadilika. Kwanza ufunguo ulipotea, nikaukuta kwenye kopo la chai. Murray akauficha. Siku ya pili matairi yote manne yakawa hayana upepo. Siku ya tatu plagi haipo. Murray alicheka mara ya kwanza, mara ya tatu hakucheka. Nilimkuta Baba amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, mbele ya pikipiki, mikono magotini, anaitazama kama mtu anayesubiri mwenziwe aanze kusema.

Halafu jana. Ailsa aliingia bandani na helmeti yake kichwani. Baba akainuka, rangi imemtoka, akamwambia: "Kirsty. Nani amekutuma?"

Ailsa akasema, "Babu, mimi Ailsa."

Akarudia, taratibu, kama anabembeleza: "Niambie tu. Sitagomba. Nani amekutuma?"

Mtoto alikuja jikoni mbio, helmeti bado kichwani. Leo kamuuliza tena, kwenye kifungua kinywa, kijiko mkononi. Daktari anasema akili ya mtu wa miaka sabini na minane hujipitia tu huku na huku katika zamani. Lakini Baba anahesabu kondoo mia saba bila kukosea na anakumbuka mvua ya kila mwaka. Ni jambo hili moja tu.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na minne dada yetu Kirsty alipofariki, mimi mitano. Unakumbuka nisichokumbuka. Kuna kitu ambacho sikijui?

Mdogo wako,
Lorna


Newman, Australia Magharibi
Ijumaa, 24 Agosti 2018

Lorna,

Barua imefika. Hapa ni joto na vumbi jekundu mpaka kwenye masikio, hakuna jipya.

Baba mwache. Mzee akizeeka anaongea na waliotangulia, usimwite kichaa na usimpeleke kwa madaktari.

Ila Ailsa usimpandishe kwenye ile mashine. Mwambie Murray nimesema. Kwenye madigadi pana kibandiko kinachosema asiendeshe mtu wa chini ya miaka kumi na sita, si kwamba wenye kiwanda hawapendi watoto. Mashine ile dereva anaizuia kwa uzito wa mwili wake: kilimani unaegemea huku, unasogea kule. Mtoto wa kilo thelathini anaegemea, na mashine haina habari kama kuna mtu juu yake. Helmeti inalinda kichwa. Hainyanyui kilo mia tatu kifuani.

Usimpandishe. Zaidi ya hapo sina la kusema.

Graeme


Tarbrae
Jumapili, 2 Septemba 2018

Graeme,

Zaidi ya hapo huna la kusema. Miaka ishirini na minane hujakanyaga hapa. Mama tulimzika bila wewe, ukatuma maua ambayo yalifika Jumanne. Halafu unaniandikia mistari kumi ya amri kana kwamba mimi ni mmoja wa vijana wako wa zamu.

Nilimsomea Murray. Akasema, "Kaka yako aje azalishe kondoo yeye, basi." Na mimi kwa mara ya kwanza nilikuwa upande wa Murray. Unajua tulivyo. Jana peke yake wamezaliwa sitini na wawili, upepo wa kusini unakuja na theluji ya maji, na mtu mmoja hawezi kuwa kwenye malisho matano.

Tena wewe na Baba mnafanya kana kwamba mashine ndiyo ilimuua Kirsty. Nampenda dada yangu, nina picha yake moja tu ambayo hakufumba macho, lakini tuseme kweli: Kirsty alikatazwa. Mama alimkataza asubuhi ile ile, kabla ya kunipeleka mimi kwa daktari wa meno. Akaichukua kwa siri akapanda nayo kilimani. Mama alikufa na swali hilo mdomoni. Wiki ya mwisho, sauti imekwisha, bado ananiambia, "Nilimwambia asiguse, Lorna. Nilimwambia vizuri. Kwa nini hakunisikia?" Alimlilia na kumkasirikia pamoja, miaka ishirini na miwili, wala hakupata kumaliza kimoja ahamie kingine.

Na si sisi tu. Unajua nilisoma darasa lile lile la Mwalimu Petrie? Kila mwaka, kabla ya likizo ya msimu wa kondoo kuzaa, alituketisha kwenye zulia akatuhadithia habari za msichana wa bondeni hapa ambaye hakusikia la mama yake. Hakumtaja jina. Watoto wote walikuwa wananigeukia mimi. Mpaka leo wazazi wa huku wakitaka kumtisha mtoto wanasema, "Haya, kuwa kama Kirsty Dalgleish." Dada yetu ndiye zimwi la wilaya.

Ailsa si hivyo. Ailsa ni mtiifu. Ukimwambia usipite mti ule, hapiti. Ukimwambia nenda, anakwenda. Ndiyo maana simwogopei.

Lorna


Newman
Jumanne, 11 Septemba 2018

Lorna,

Nimesoma ukurasa wako wa mwisho nikiwa kwenye gari la zamu, nikamwambia dereva asimame, nikashuka.

Kirsty alikuwa mtiifu kuliko sisi sote. Ndicho kilichomuua. Nakuandikia sasa, na ukimaliza kusoma fanya utakavyo na jina langu.

Siku ile hali ya hewa ilikuwa kama unavyoeleza. Mimi nilikuwa nje tangu alfajiri, nimelowa hadi mfupani. Saa saba nikaingia jikoni, nikavua soksi nikazianika kwenye jiko, Kirsty ananipashia mikate ya jibini. Baba alikuwa bandani na kondoo aliyekwama katika kuzaa, mkono umezama mpaka kiwiko. Akaniita dirishani: "Graeme! Panda na pikipiki ukafungue lango la juu, majike washuke kwenye miti kabla theluji haijashika." Nikasema ndiyo. Akarudi kwa kondoo wake.

Nilikaa. Miguu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kupata moto. Nikamwambia Kirsty, "Baba anasema nenda ukafungue lango la juu."

Akasema, "Kwa miguu?"

"Kwa pikipiki. Utachelewa kwa miguu."

"Mama kanikataza."

"Na Baba ndiye kasema."

Akanitazama. "Kweli kasema mimi?"

Nikasema kweli.

Alivaa koti la mvua, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, kimoja kimoja, maana Mama alikuwa hapendi aache cha juu. Akaniambia nisiile mikate yake. Nikasikia mashine inawaka, inapita, inapanda. Nikala mikate yake.

Baada ya dakika arobaini nilijua. Nilikimbia na viatu bila soksi. Majike walikuwa wanashuka wananipita, wametulia, mmoja mmoja. Lango lilikuwa wazi, limefungwa vizuri kwenye nguzo kwa mnyororo lisipigwe na upepo. Alimaliza kazi, Lorna. Alikuwa anarudi. Pale juu ya korongo njia inapoinama, mashine ilimlalia. Nilijaribu kuinyanyua peke yangu. Sikuweza. Baba alikuja, tukaweza.

Kisha Baba alifanya jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Kabla ya kwenda kwenye simu, alipanda peke yake hadi lango la juu akalifunga. Polisi alipofika, Baba akasema: "Aliichukua bila ruhusa. Hatukujua." Mimi nimesimama karibu yake. Nikanyamaza.

Nilielewa kuwa Baba amejua ni mimi na ananificha. Hakuniuliza hata siku moja. Alikuwa ananipitishia chumvi mezani. Miaka mitatu nilisubiri aniulize, nikawa siwezi kukaa tena kwenye chumba kimoja na wema ule. Ndiyo sababu niliondoka. Sikuja kumzika Mama kwa sababu ningeweza kumwambia na sikumwambia.

Huku, zamu ikiisha na mashine zikizimwa, kuna dakika moja ya ukimya mkubwa. Ndani ya dakika hiyo naisikia ile pikipiki inapanda. Haijawahi kushuka.

Mtoe Ailsa kwenye mashine.

Graeme


Tarbrae
Alhamisi, 13 Septemba 2018

Graeme,

Hujajibu, na pengine nilikuwa mkali. Naandika kwa haraka, kuna wanakondoo watatu kwenye kasha mbele ya jiko na mmoja anataka chupa.

Uwe na amani kidogo: Ailsa amepanda kilimani peke yake jana na leo, kwenda na kurudi, bila tatizo lolote. Murray hawezi hata kuinama kufunga mabuti, na mtoto amemwokolea nusu ya siku. Alirudi mashavu mekundu, anacheka, akaniambia, "Mama, kule juu unasikia mpaka mto."

Baba hali chakula. Amekaa dirishani tangu asubuhi, mikono kwenye kioo.

Lorna


Tarbrae
Jumatatu, 24 Septemba 2018

Graeme,

Yuko hai. Nakuandikia hilo kwanza. Ailsa yuko hai.

Barua yako ilifika Jumatano. Niliichukua kwenye sanduku la barabarani nikaisoma pale pale ndani ya gari, mlango uko wazi, mvua inanyesha kwenye mguu wangu wa kulia, na sikuuvuta. Nilipofika kwenye vifungo vya koti nikakumbuka kwamba Murray alimtuma Ailsa juu tangu saa nne. Niliendesha lile gari mpaka lilipogoma kwenye tope, nikashuka nikakimbia.

Baba alikuwa ametangulia. Sijui alitembeaje, na ile nyonga yake mbovu. Alikuwa amesimama katikati ya njia, juu ya korongo, mikono ameitandaza kama mtu anayezuia kundi. Ailsa alikuwa anashuka. Ailsa mwenyewe ndiye aliyenieleza yaliyosemwa, maana mimi nilikuwa mbali, nayaona tu kama picha isiyo na sauti.

Alisimamisha mashine. Baba akamuuliza, "Nani amekutuma?"

Akajibu, "Baba yangu."

"Kweli kasema wewe?"

"Kweli, Babu."

"Basi shuka. Shuka upande wa mlimani, mwanangu, taratibu. Usinipungie mkono. Shuka."

Naye, kwa kuwa ni mtiifu, alianza kushuka. Alipoondoa mguu kwenye breki mashine ikasogea mbele, tairi moja likapanda kichuguu cha nyasi, na mashine ikalala, hivi hivi tu, polepole, kama ng'ombe anayejilaza. Haikuwa na mwendo wowote, Graeme. Mimi nilidhani vitu hivi huua kwa mwendo. Ailsa alirukia upande wa mlimani kwa sababu aliambiwa huko. Amevunjika mfupa wa bega. Baba alijaribu kuishika. Mtu wa miaka sabini na minane alitaka kuishika kwa mikono. Ilimkokota mpaka ukingoni, ikavunja mguu wake mara mbili, ikaenda zake chini.

Nilipofika alikuwa amelala anatazama mawingu, anasema, "Yuko wapi? Yuko chini yake?" Nikamwambia hapana, huyu hapa. Ailsa akampa mkono wake mzima. Aliuminya mpaka helikopta ilipokuja.

Murray analala kwenye vyumba vya wakata manyoya tangu siku hiyo. Sikumfukuza. Alikwenda mwenyewe. Niliyomwambia siku ile sitayaandika, na nusu yake nilikuwa najiambia mimi. Ni mimi niliyeandika kwamba simwogopei.

Ijumaa nilikwenda hospitalini nikamsomea Baba barua yako. Yote. Nilijua huenda nafanya ukatili, nikasoma. Nilipofika pale uliposema umeelewa kuwa anakuficha, aliinua mkono nikanyamaza. Akauliza, "Anasema nini hapo?" Nikarudia. Akageukia ukutani.

Hajasema neno tangu wakati ule. Siku ya nne leo.

Lorna


Newman
Jumatano, 3 Oktoba 2018

Baba,

Lorna anasema amekusomea. Basi unajua, kama ulikuwa hujui.

Mimi ndiye niliyemtuma. Ulinituma mimi, nikamtuma yeye, kwa sababu ya miguu yangu kuona baridi. Nitukane, nilaani, lakini usinipitishie chumvi tena. Sema kitu.

Graeme


Tarbrae
Jumapili, 28 Oktoba 2018

Kaka,

Najua Baba bado hajakujibu. Kila nikimtajia anasema, "Bado. Kuna mahali pa kuanzia." Sikujua mahali hapo ni wapi hadi jana.

Jana kulikuwa na mkutano kwenye ukumbi, baada ya ajali yetu. Shule waliuitisha. Alikuja mwanamke wa usalama wa mashambani, ameleta helmeti na picha na vyuma vya kufungwa nyuma ya pikipiki ili ikipinduka isimlalie mtu. Anaeleza vizuri, watu wanaitikia kwa vichwa, wanakunywa chai. Mzee mmoja wa nyuma akasema, kama wanavyosema siku zote, "Wa kwetu wanafundishwa kusikia. Asiyesikia ndiye anayeumia." Watu wakaguna kukubali, wengine wakaangalia chini kwa sababu sisi tulikuwepo.

Baba akainuka. Kwa magongo, imemchukua muda, hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Akasema, "Mnamsema binti yangu. Miaka thelathini na moja mnamsema, na mimi ndiye niliyewapa maneno. Kirsty hakuichukua pikipiki. Nilimtuma mwanangu lango la juu. Nilimwona Kirsty akipita mbele ya banda, na koti lake limefungwa. Alinipungia mkono. Nikampungia. Nilifurahi, nikajisemea, tazama alivyokua. Nina sauti ya kuita mbwa kutoka ng'ambo ya mto, na sikuitumia."

Kule nyuma mtu akazima birika la chai.

"Alifungua lango. Mimi nililifunga, asije mtu akauliza mtoto asiyesikia alifungua lango kwa ajili ya nani. Mke wangu amekufa akiamini mwanawe alimdharau. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, na nikamwacha aamini." Akapumua. "Sasa mtu aseme tena watoto wenu ni watiifu. Najua ni watiifu. Mnawatuma nyinyi. Nani hapa hajamtuma mwanawe?"

Wanaume wawili walitoka nje na kofia mkononi, na mmoja nilimsikia kwenye maegesho anapiga simu nyumbani: "Mwambie ashuke. Hapana, sasa hivi, mwambie aiache hapo hapo alipo."

Mwalimu Petrie alikuwa mstari wa mbele. Ana miaka tisini kasoro, amekuwa mdogo kama ndege. Alitembea hadi kwa Baba, nikadhani atamkumbatia. Akamwambia, "Ewan, nimewahadithia watoto mia nne." Basi. Akarudi akachukua mkoba wake. Leo asubuhi, kabla ya kanisa, nimemkuta makaburini peke yake, amepiga magoti kwenye unyevu mbele ya jiwe la Kirsty, anaongea naye. Sikusogea karibu. Ni mazungumzo yao.

Mimi nilikwenda kwa Mama. Nilimwambia. Nilisema kwa sauti, kama mwendawazimu: alikusikia, Mama, alifunga hadi cha juu. Sijui kama waliolala wanafikiwa na habari. Nimekaa hadi nguo zikalowa.

Murray amerudi ndani ya nyumba. Ameapa Ailsa hatagusa mashine hiyo mpaka afike kumi na sita, naye mwenyewe atafunga kile chuma cha nyuma. Tumepata mtu wa kutusaidia siku tatu kwa wiki. Bado hatujazoeana tena, tunaombana radhi tukipishana mlangoni kama wageni. Ailsa analala chumbani kwetu. Akitumwa kitu, hata kijiko, anauliza kwanza: "Ni wewe unayesema, au kuna mtu kakwambia?" Namjibu kila mara. Sitachoka kumjibu.

Jambo moja nimeliona. Ukumbini Baba alisema alimtuma mwanawe. Watu wote wameelewa ni Kirsty. Jina lako hakulitaja. Nilimuuliza kwenye gari kwa nini. Akasema, "Hilo si la ukumbini." Kisha akaomba kalamu.

Lorna


Tarbrae
Ijumaa, 2 Novemba 2018

Graeme mwanangu,

Mimi si mwandishi, Mama yako ndiye alikuwa akiandika. Hii ni karatasi ya tano, nne nimechoma. Mguu unauma nikikaa, kwa hiyo nitasema lililo la lazima.

Sikukuficha. Sikujua. Ulidhani najua, na mimi nilidhani unajua: kwamba uliniona kutoka dirishani nikimpungia Kirsty mkono. Ulipokuwa ukinitazama mezani nilisoma machoni mwako, "Ulimwona na hukumzuia." Kumbe ulikuwa unasubiri nikuulize. Nisingeweza kukuuliza. Ningekuuliza nani kamtuma, nawe ungeniuliza kwa nini nilimwacha apite. Nikachagua kukupitishia chumvi. Ulipoondoka nilisema moyoni, kijana amechoka kula na muuaji wa dada yake, na ni haki yake.

Kirsty ndiye niliyemuuliza. Kila mwaka majike wakianza kushuka nimekuwa nikimuuliza, kwanza kimoyomoyo, baadaye kwa mdomo. Nilitaka kusikia kwamba alikwenda mwenyewe, bila kutumwa. Ningesikia hivyo ningelala.

Sasa umenijibu wewe, na hili ndilo nililotaka kukuandikia tangu hospitalini. Unasema wewe ndiye uliyemtuma. Ulikuwa na miaka kumi na minne, umeshinda kwenye mvua tangu alfajiri, miguu imekufa ganzi. Mimi nilikuwa na arobaini na saba. Kibandiko kilikuwepo hata kwenye ile ya kwanza, nilikisoma siku tuliyoileta, nikacheka, nikakipaka matope kwa kidole gumba. Kumi na nne si kumi na sita. Njia ilikuwa ile ile na theluji ile ile. Uliniitikia ndiyo kwa sababu hakuna aliyenikatalia nyumbani mwangu, kisha ukakaa chini kwa sababu mwili wako ulikuwa na akili kuliko baba yako.

Kama ungesimama ukaenda ulivyoagizwa, huenda ningekuzika wewe. Na nimejitazama sana wiki hizi, Graeme, sioni sababu ya kukudanganya: polisi angefika, nami ningemwambia uliichukua bila ruhusa.

Baba yako,
Ewan